Sikio la Motokari: Jinsi Antena Ilivyopanda Juu ya Paa

Wengi wenu mmekwisha kuona motokari zenye fimbo ndefu ya chuma mbele au nyuma. Katika Kivu, motokari za ONU zilipita barabarani miaka mingi zikiwa na fimbo za namna hiyo, nyingine zimepindwa na kufungwa kwa kamba zisije zikagonga matawi ya miti. Watu hudhani kwamba fimbo hiyo ni pambo, au ni alama ya ukubwa wa bwana aliyeketi ndani. Sivyo hata kidogo. Fimbo hiyo ni antena, ndiyo sikio la redio iliyomo ndani, tena ndiyo mdomo wake. Bila sikio hilo, redio ya bei kubwa haina faida kuliko jiwe.

Leo tunataka kusimulia jinsi sikio hilo lilivyopata mahali pake katika motokari. Halikupapata upesi. Habari yenyewe inatoka mbali, katika mji wa Detroit, nchi ya Marekani, na iliwagharimu watu wa huko miaka saba ya kujaribu na kushindwa.

Kwanza tukumbuke mambo yalivyokuwa. Tangu mwaka 1920 hata mwaka 1933 sheria ya Marekani ilikataza kutengeneza na kuuza pombe. Detroit ni mji wa mpakani: ukivuka mto tu, umefika Windsor, nchi ya Kanada, na huko pombe ilipatikana. Basi wafanya magendo walijaa mtoni na barabarani. Tena Detroit ulikuwa mji wa viwanda vya motokari, kwa hiyo wezi hawakukosa motokari za mbio. Wanavunja duka, wanaruka ndani ya motokari, na kabla bwana duka hajamaliza kupiga kelele wamekwisha kutoweka.

Na polisi je? Polisi nao walikuwa na motokari. Lakini motokari ya polisi ikishatoka kituoni ilikuwa kama jiwe lililotupwa ziwani. Mkubwa wao hakuweza tena kuiita. Palikuwa na visanduku vya simu katika pembe za njia, na polisi alipaswa kupita pale mara kwa mara, afungue kisanduku, aulize kama kuna habari. Ikiwa mtu ameuawa saa tatu, na polisi wa mtaa ule anapiga simu saa tatu na nusu, basi nusu saa nzima muuaji alikuwa mtu huru. Watu walikufa kwa ajili ya nusu saa hiyo.

Mkuu wa polisi wa Detroit, jina lake William P. Rutledge, alichoka na mambo hayo. Mwaka 1921 watu wake walianza kujaribu kutia redio ndani ya motokari. Siku hizo redio ilikuwa jambo jipya, ila si jipya kabisa. Meli za baharini zilikuwa na simu ya upepo zamani. Je, kwa nini meli iliweza na motokari haikuweza?

Hapo ndipo penye kiini cha jambo. Mwaka 1895, huko Italia, kijana Guglielmo Marconi aligundua kitu kikubwa katika shamba la baba yake. Alipochukua waya moja akaiinua juu, na ya pili akaifunga ardhini, mawimbi yake yalikwenda mbali kuliko yalivyokwenda mbele. Waya ya juu hufanya nusu ya kazi, na ardhi chini yake hufanya nusu nyingine, kama vile maji yaliyotulia yanavyoonyesha mti uliosimama kando yake: unauona mti mmoja juu na mwingine chini. Mwezi wa Desemba 1901, alipotaka kusikia Terre-Neuve mawimbi yaliyotoka Uingereza ng'ambo ya bahari, Marconi alirusha tiara ili ibebe waya yake juu angani. Mtu hahangaiki na tiara katika upepo wa Desemba kama urefu wa antena si kitu.

Meli ina milingoti mirefu ya kufungia waya, na chini yake kuna bahari yenye chumvi, ambayo ni ardhi nzuri kupita zote. Motokari haina mlingoti. Magurudumu yake ni ya mpira, haigusi ardhi. Tena inakimbia, inapita chini ya madaraja na kati ya nyumba ndefu.

Si hayo tu. Redio za wakati ule zilifanya kazi kwa taa za kioo, laini kama mayai, na barabara zilizitikisa mpaka zikavunjika au zikapoteza stesheni. Batri ziliisha upesi. Na motokari yenyewe ilikuwa adui: kila buji inapotoa cheche ndani ya injini, cheche hiyo ni stesheni ndogo ya redio inayopiga kelele karibu kabisa na sikio. Polisi alisikia motokari yake mwenyewe kuliko sauti ya mkubwa wake.

Palikuwa hata na jambo la kuchekesha. Serikali iliipa stesheni ya polisi, iliyoitwa KOP, ruhusa ya namna ya stesheni za burudani. Kwa hiyo ililazimika kupiga muziki, na kati ya nyimbo ndipo walipotangaza namba za motokari zilizoibwa. Rutledge alikasirika sana kwa amri hiyo. Nadhani msomaji atamwelewa.

Kwa miaka kadhaa kazi haikwenda vema. Ndipo polisi mmoja aliyependa ufundi, Kenneth Cox, akashirikiana na kijana aliyesomea uhandisi, Robert Batts. Wakatengeneza redio imara, isiyopoteza sauti barabarani. Mtambo wa kutangaza ukawekwa Belle Isle, kisiwa kilicho katikati ya mto wa Detroit. Tarehe 7 Aprili 1928 polisi wa Detroit walianza kutuma habari kwa motokari zao kila siku, bila nyimbo. Siku hiyo inahesabiwa kuwa mwanzo wa redio za polisi zinazofanya kazi kweli. Ilikuwa redio ya upande mmoja: polisi aliweza kusikia tu, hakuweza kujibu. Akitaka kujibu alitafuta simu. Lakini ile nusu saa ya kungoja ilikwisha.

Vitabu vinavyosimulia habari hii husifu sana redio ya Cox na Batts, na ni haki yao. Ila mimi naona antena imenyimwa sifa yake. Tuangalie basi mahali pa kuiweka katika motokari za wakati ule.

Paa za motokari nyingi siku hizo hazikuwa chuma kitupu. Zilikuwa vipande vya mbao, juu yake wavu wa waya, kisha pamba, kisha kitambaa kilichopakwa dawa ili mvua isipite. Mafundi wa redio waliona bahati yao. Walishona waya ndani ya paa, au walitumia wavu uleule, wakautenga na chuma cha motokari ili umeme usipotee. Hivyo paa zima likawa antena. Haikuwa antena kamili. Mawimbi ya polisi yalitikisika zaidi ya mara milioni mbili kwa sekunde, na wimbi moja lilikuwa na urefu wa meta mia na zaidi. Antena iliyo bora hutaka robo ya urefu wa wimbi, nayo ni kama meta 30. Nani ataendesha motokari yenye mlingoti wa meta 30? Kwa hiyo paa la kitambaa lilikuwa sikio dogo kwa wimbi kubwa, lakini lilisikia.

Kisha mambo yakageuka. Kwa motokari za mwaka 1935, kampuni ya General Motors ilileta paa la chuma kitupu, kipande kimoja, bila kitambaa. Watu walifurahi: paa halivuji, halichakai, na motokari ikipinduka lina nguvu. Kampuni nyingine zikafuata. Lakini fundi wa redio aliposhona waya yake ndani ya paa jipya, redio ikanyamaza.

Sababu yake ilijulikana karibu miaka mia kabla. Mwaka 1836 Mwingereza Michael Faraday alijenga chumba kidogo, akakifunika chote kwa karatasi za madini, akakipiga kwa umeme mkali kutoka nje. Ndani ya chumba vyombo vyake havikuonyesha kitu. Sanduku la chuma hufungia umeme nje. Motokari yenye paa la chuma ni sanduku la namna hiyo. Ina madirisha, ni kweli, na wimbi fupi laweza kupenya dirishani kwa shida. Lakini wimbi la meta mia halipiti dirishani, kama tembo asivyopita katika tundu la panya.

Mafundi wakahangaika tena. Zamani motokari zilikuwa na vibao vya kukanyagia pande mbili, chini ya milango. Wakafunga antena chini ya vibao hivyo. Redio ikasikia kidogo, lakini mahali pale ni pa matope, mawe na maji, tena ni karibu mno na ardhi, nayo ardhi inameza mawimbi. Mwishowe wakakubali jambo ambalo wauza motokari hawakulipenda kwa sababu ya uzuri wa macho: fimbo ya chuma isimame nje, wima, mbele ya watu wote. Leo tunaona ni jambo la kawaida. Wakati ule lilionekana baya.

Wakati wa majaribio hayo, watu wa nyumbani walianza mchezo mpya. Mawimbi ya polisi wa miji kadhaa yalikuwa kando tu ya mawimbi ya muziki, na redio nyingi za nyumbani ziliweza kuyafikia ukizungusha kitufe mpaka mwisho. Basi baba na mama wakaketi jioni sebuleni, wakasikia polisi wakitumwa kwenye vita vya walevi na nyumba zinazoungua. Ndio babu wa watu wanaosikiliza kwa skana siku hizi. Tutawarudia.

Mwaka 1933 polisi wa Bayonne, katika jimbo la New Jersey, walipata redio ya pande mbili: polisi aliweza kujibu akiwa ndani ya motokari. Mwaka 1940 mwalimu Daniel Noble wa Chuo Kikuu cha Connecticut aliwatengenezea polisi wa jimbo hilo redio za namna mpya, iitwayo FM, aliyoivumbua Edwin Armstrong. FM haijali sana cheche za buji wala radi. Pia walitumia mawimbi mafupi zaidi, yanayotikisika zaidi ya mara milioni 30 kwa sekunde.

Hapa naomba msomaji avumilie hesabu kidogo, maana bila hesabu hii hatafahamu kwa nini fimbo nyingine ni ndefu na nyingine ni fupi kama kidole. Chukua namba 300, uigawanye kwa mamilioni ya mitikisiko kwa sekunde, utapata urefu wa wimbi kwa meta. Kisha gawanya kwa nne, utapata urefu wa antena. Kwa milioni 37, wimbi ni meta 8, na robo yake ni meta 2. Fimbo ya meta 2 motokari inaweza kuibeba! Ikawekwa nyuma, juu ya springi, ili ikigonga tawi iiname na kusimama tena. Kwa mara ya kwanza motokari ilikuwa na antena yenye kipimo chake halisi, wala si kipande cha kubahatisha. Habari za FM husimuliwa sana. Habari ya fimbo hii haisimuliwi, lakini nayo ilikuwa na sehemu yake katika ushindi ule.

Baada ya Vita ya Pili ya dunia walishuka tena katika mawimbi mafupi. Tarehe 17 Juni 1946, katika mji wa St. Louis, simu za motokari zilianza kazi kwa mawimbi ya karibu milioni 150. Gawanya: wimbi ni meta 2, robo yake nusu meta. Fimbo ya nusu meta haihitaji tena kukaa nyuma karibu na magurudumu. Inaweza kupanda juu ya paa.

Na hapo paa la chuma, lile lililokuwa adui mwaka 1935, likawa rafiki. Mnakumbuka ardhi ya Marconi, ile inayofanya kazi kama maji chini ya mti? Antena ya nusu meta inahitaji chini yake chuma cha nusu meta kila upande. Paa la motokari lina kipimo hicho. Ukitoboa katikati ya paa na kusimamisha fimbo pale, umeipa ardhi yake, umeiinua juu ya vichwa vya watu, na imeona pande zote sawa. Ukiiweka pembeni, juu ya mdomo wa motokari kwa mfano, inasikia vizuri zaidi upande ule wenye chuma kingi, na upande mwingine inakuwa kiziwi kidogo. Polisi aliyeona sauti inakatika kila anapogeuza motokari hakuwa na redio mbovu. Antena yake ilikuwa mahali pabaya.

Sasa turudi kwa wasikilizaji. Katika miaka ya 1960 na 1970 kilitokea chombo kiitwacho skana. Redio ya kawaida hukaa juu ya stesheni moja. Skana hupita haraka kutoka njia moja mpaka nyingine, kama mlinzi anayezunguka milango ya nyumba usiku. Ikisikia sauti inasimama, sauti ikinyamaza inaendelea. Wazimamoto wa kujitolea, waandishi wa habari na watu wanaopenda tu kujua mambo ya mji wao walizinunua kwa wingi huko Marekani. Skana ya mkononi ina antena fupi, waya iliyoviringishwa ndani ya mpira. Ukitembea nayo kwa miguu inafaa. Ukiitupa juu ya kiti cha motokari, umeirudisha ndani ya sanduku la Faraday, na kosa la mwaka 1935 linafanyika upya. Tena leo motokari imejaa vyombo vya umeme, na kila kimoja kinanong'ona kelele zake ndani ya sanduku hilohilo.

Watu wengi, sauti ikikosekana, hukimbilia kununua skana ya bei kubwa zaidi. Fedha zao zinapotea. Dawa ni ileile: sikio litoke nje, lipande juu ya paa. Mwenye motokari asiyetaka kutoboa paa lake hununua antena yenye sumaku chini. Sumaku inashika chuma, na ingawa rangi ya motokari iko katikati, umeme wa mawimbi unavuka rangi hiyo nyembamba bila shida. Weka katikati ya paa, pitisha kebo kwenye mpira wa mlango, funga kwenye skana. Mtu aliyekuwa akisikia kituo cha karibu tu atasikia na vya mbali. Mawimbi haya mafupi huenda karibu moja kwa moja kama mwanga, kilima huyazuia. Anayeishi Bukavu hana haja ya kuelezwa kilima ni nini. Kwa hiyo hata meta moja ya kuinuka ina faida.

Lakini mtu asidhani kwamba antena kubwa hutibu kila ugonjwa. Kebo nyembamba hula mawimbi: kwa njia za karibu milioni 800, ambazo polisi wengi wa Marekani wanazitumia, meta 5 za kebo hiyo huweza kupoteza karibu nusu ya nguvu yote iliyopokewa. Ndiyo sababu mafundi husema kebo iwe fupi kadiri iwezekanavyo, wala isizungushwe chini ya kiti kama kamba ya mbuzi. Tena ukiwa mjini, karibu na stesheni kubwa za muziki, sikio kali linaweza kujazwa na kelele zao mpaka skana isisikie sauti ndogo. Na pale ambapo minara mingi inatuma sauti moja kwa wakati mmoja kwa namna mpya ya tarakimu, sauti hufika kwa kuchelewana kidogo sana na kuchanganyika. Antena nzuri ya kusikia pande zote huweza hata kuongeza mchanganyiko huo. Na polisi wanaoficha maneno yao kwa ufunguo wa siri, hao hakuna antena itakayowafungua.

Sheria nayo ina neno lake. Katika majimbo mengine ya Marekani, kama New York na Florida, mtu wa kawaida hana ruhusa ya kuwa na redio ya kusikiliza polisi ndani ya motokari bila kibali. Sababu ni ya zamani kama Detroit: mwizi anayemsikia polisi anajua saa ya kukimbia.

Siku hizi mafundi wana shida nyingine. Viwanda vimeanza kutengeneza motokari zenye mwili wa alumini. Pikapu ya Ford F-150 ilifanywa hivyo tangu ile ya mwaka 2015. Nyingine zina paa la kioo. Sumaku haishiki alumini wala kioo, inateleza na kuanguka barabarani. Juu ya alumini mtu bado anaweza kutoboa tundu, maana alumini ni ardhi nzuri kama chuma. Juu ya kioo hakuna ardhi kabisa, na hapo fundi hutafuta bati la kuweka chini ya antena, au huihamisha kwenye kifuniko cha nyuma na kukubali kwamba upande mmoja utasikia kuliko mwingine.